Mama wa Timu

Siku kiwanda cha magodoro kilipofungwa, Meneja alikuwa stoo, vidole vimeganda gundi, akibishana na fundi juu ya mshono wa pembeni. Lango liligongwa kwa kishindo. Wateja hawagongi hivyo. Akatoka huku akijifuta mikono, akamkuta dalali wa benki, mtu mpole mwenye kitambi, amesimama na wanaume wenye minyororo na kufuli.

"Samahani, dada. Naomba watu wako watoke nje. Kuanzia leo hapa ni mali ya benki."

"Kwa deni la nani?"

"La timu."

Deni la timu alilijua. Mji mzima ulilijua. Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Rais kwa kuwa ndiye rais wa klabu, alinunua timu ya mpira hata kaburi la baba yao halijakauka udongo. Akanunua na washambuliaji kutoka nje, mmoja wao goti bovu tangu anashuka kwenye ndege. Akanunua basi la viti vya ngozi. Msimu uliopita timu ikashuka daraja, na basi likabaki linakula jua uwanjani. Hayo yote Meneja alikuwa ameshayatukana mpaka akachoka. Lakini kiwanda kilikuwa kwa jina la Mama. Rais asingeweza kukiweka rehani hata angelala mlangoni mwa benki.

"Umekosea mlango," alimwambia dalali.

"Sijakosea. Mwenye mali alikuja benki mwenyewe, nilikuwepo. Alikuwa amejifunga skafu ya timu."

Mafundi walitoka mmoja mmoja, nywele zimejaa vumbi la sponji. Walimtazama tu, na kutazamwa huko kulimchoma kuliko matusi. Meneja aliondoka bila kuaga, kwa miguu, akaenda nyumbani kasi hiyo hiyo aliyotoka nayo langoni, akiongea peke yake njia nzima.

Mama alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anakunja nguo. Begi lilikuwa wazi miguuni pake, limeshafika nusu. Ina maana alijua. Alijua tangu asubuhi, akanywa chai na binti yake, akamtakia kazi njema.

"Mama, ulienda benki?"

"Nilienda."

"Ukaweka rehani kiwanda cha Mzee."

"Cha Mzee?" Mama aliinua uso. "Nilishona magodoro pale na mimba yako tumboni. Nimekohoa sponji ile tangu hujajua kutambaa. Usiniambie cha Mzee."

"Haya, chako! Ndiyo ukakitupe kwa watu kumi na mmoja wanaokimbiza mpira?"

"Wewe hukuwahi kuja uwanjani," Mama alisema. Sauti yake ilishuka, na ndivyo ilivyozidi kumuudhi Meneja. "Siku ya kwanza mdogo wako aliponipeleka, alinishika mkono tukapita mbele ya jukwaa. Watu wakasimama. Jukwaa zima. Wakaimba, Mama wa timu, Mama wa timu. Mimi. Maisha yangu yote nimekuwa mke wa mwenye kiwanda, hata wauza vitambaa wakija wananipita kama kiti. Siku ile walisimama kwa ajili yangu. Aliponiomba sahihi, ningemnyimaje?"

"Walikusimamia dakika tisini!" Meneja alipiga kelele mpaka koo likamkwaruza. "Mimi nimekusimamia kiwanda tangu namaliza shule! Sikuolewa, Mama! Kila anayekuja nasema subiri, msimu wa mvua uishe, mashine mpya ije. Nani alinisimamia mimi?"

Mama alichukua gauni, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Rais akatokea mlangoni, simu sikioni, amevaa koti la klabu lenye nembo kifuani. "Dada, punguza sauti. Naongea na mtu wa maana hapa. Tungepata msimu mmoja tu, mmoja, tungepanda daraja, na haya yote..."

Kofi lilimtoka Meneja kabla hajaamua. Simu iliruka ikagonga kabati. Rais alishika shavu, mdomo wazi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na mtu wa maana akaendelea kuita "haloo, haloo" chini ya kitanda.

"Usimpige mwanangu," Mama alisema.

Meneja aligeuka taratibu. "Na mimi ni nani?"

Wiki iliyofuata wakahama, nyumba nayo ilikuwa imeenda na deni lile lile.

Mnunuzi wa kiwanda hakujua godoro linajazwa vipi, kwa hiyo alimwita Meneja arudi kwa mshahara. Alirudi. Alikaa kwenye meza ile ile, ila sasa akitaka kwenda hospitali anaomba ruhusa. Nusu ya mafundi walikuwa wamepunguzwa, na wengine walipomwona barabarani walivuka upande wa pili. Dukani, muuza sukari alimtupia chenji kwenye kaunta akasema, "Ninyi ndio mlioua timu yetu." Mji ulikuwa umeomboleza timu. Kwa kiwanda, hakuna aliyetoa hata pole. Alikuja kuzoea mambo mengi, ila hili lilimkaa kooni, na kila alipolikumbuka alisaga meno.

Alipanga vyumba viwili, akakaa na Mama. Walizungumza habari za maji, za umeme, za dawa ya kifua. Hakuna zaidi.

Jumapili moja mchana Rais alikuja. Alikuwa amekonda, kola imechakaa, lakini macho yanang'aa. Meneja alimpakulia wali na maharage, maana njaa ya mtu haina kosa. Rais alikula haraka, akafuta mdomo, akavuta kiti karibu na Mama.

"Kuna katimu kadogo kanauzwa," alisema. "Daraja la chini kabisa, bei ya kutupa. Vijana wana vipaji. Nikipata mtu wa kunidhamini tu. Dada ana mshahara sasa, benki zinapenda watu wa mshahara..."

Meneja aliichukua sahani mbele yake, akafungua mlango. "Toka."

"Dada, nisikilize..."

"Toka kabla sijakutoa!"

"Msikilize kwanza," Mama alisema. "Kusikiliza si kutoa."

Meneja alimgeukia mama yake. "Viatu vyako vile pale mlangoni, Mama. Ukitaka kumfuata, nenda. Sitakushika. Ila mimi sina tena cha kuwekwa rehani, na sahihi yangu hampati, si leo, si nikiwa kitandani nakata roho."

Rais alisimama. Alingoja. Alimtazama Mama, na Mama akavitazama viatu, muda mrefu. Kisha akajivuta kwenye mkeka, akageuza uso ukutani.

"Nenda, baba," alimwambia mwanawe. "Nenda tu."

Rais alitoka. Hatua zake zilisikika koridoni, kisha hazikusikika. Mama alikuwa analia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Meneja hakwenda kumshika. Aliiosha ile sahani, akaisugua mahali palipokwisha takata, akaendelea kuisugua.

"Chakula chako kinapoa sufuriani," Mama alisema baadaye, bado ameelekea ukutani.

Meneja alijipakulia. Alikula amesimama, hapo hapo kando ya jiko, mgongo kwa mama yake, na kila tonge alilitafuna kama analigombeza.