Kijiji Kisicho na Alama

Mzee Mayala alikataa kurusha dadu. Aliishika kiganjani, mkono ukiwa juu ya ramani niliyoichora kwa miezi minane, na jasho likimtoka puani ingawa upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani.

Nilidhani amechoka. Nikamkumbusha kanuni: akipata nne au zaidi, mizinga yake inafagia kikosi changu kilichojificha kijijini, kivuko kinakuwa chake, ameshinda.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa historia Buzuruga, na mchezo ule wa mezani wa Vita vya Kagera ndio ulikuwa fahari yangu. Nilikuwa nimepima kila kitu: kombora linafika wapi, askari mwenye mzigo anatembea kiasi gani kwenye mvua. Nilimpelekea jirani yangu huyu kwa sababu mwaka 1979 alikuwa mtu wa redio ya upepo, akiwaelekeza wapiga mizinga. Tangu asubuhi alikuwa ananisahihisha kwa furaha. Matope yangu, alisema, ni mepesi mno.

"Hiki kijiji kina alama ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia hakina. Kinapunguza mwendo tu, kama kichaka.

Akaweka dadu chini. Kisha akanisimulia, bila kunitazama, jinsi alivyokaa kilimani na darubini. Aliona watu wakiingia migombani, mabegani wamebeba vitu virefu. Akataja namba za ramani redioni. Makombora manne. Jioni kikosi chake kilipopita pale alikuta mikeka. Watu wale walikuwa wanakimbia vita na mikeka yao iliyokunjwa.

Alipokitaja kijiji, nilikitambua. Ni kwao Bibi Rose, mkewe. Mtaa mzima tulijua kwamba mguu wake wa kushoto uliumizwa na kombora la adui. Mwenyewe ndivyo alivyotuambia.

"Anajua?"

"Nilimfuata hospitali nikamwambie," alisema. "Nikaishia kumposa."

Nilitamani asiendelee, lakini alikuwa amekwisha kumaliza. Tukasikia kikombe kikiwekwa sakafuni, taratibu sana. Bibi Rose alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mumewe kama mtu aliyegonga nyumba siyo, akitafuta namna ya kuomba radhi aondoke.

"Tulikuwa kumi na mmoja," alisema. "Nilibaki mimi."

Mzee alijaribu kuinuka, akaegemea ukingo wa meza. Nami nilibaki kwenye kiti changu, mwanamume mzima, mikono juu ya magoti, nisijue nimsaidie nani.

Kesho yake Bibi Rose alivuka ziwa kwenda kwa binti yake Sengerema. Mzee alimfuata kila Jumamosi, akakaa uani hadi jioni bila kukaribishwa ndani, akarudi. Mchapaji aliyesubiri kuuchapa mchezo wangu alinipigia mara mbili. Sikupokea.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, Bibi Rose alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nilijiandaa kulaumiwa, nilikuwa na sababu zote za kulaumiwa.

"Mzee wako anakula?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba anakula kidogo, nampelekea ugali na sato mchana.

"Umtolee miiba. Macho yake hayaoni vizuri."

Nikamuuliza kama nimwambie Jumamosi aingie ndani. Nilisikia wajukuu wakicheza nyuma yake.

"Bado," alisema. "Mwambie bado."