Uzi Mwekundu wa Ikram

Kabla ya adhana ya alfajiri, mfuniko wa kopo la maziwa ulilia "pwa!" katika chumba cha Bibi Zuleha, pale Ujiji. Hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyelala humo zaidi yake. Tangu azikwe mumewe, mwaka wa nane sasa, ndivyo alivyoanza siku: anafungua kopo, anazipapasa nyuzi zake, anafunga.

Humo mlikuwa na vipimo vya watu. Macho yake yalishashindwa na namba za futi ya kupimia, kwa hiyo kila aliyemshonea alikuwa na uzi wake mnene: fundo moja bega, mawili kiuno, matatu urefu. Wengine walishahama, wengine walishakufa. Nyuzi zao hakuzitupa.

Asubuhi hiyo alitoa uzi mwekundu wa Ikram, mjukuu wake wa Dodoma, akazipima tena nguo zilizotundikwa mlangoni. Wiki tatu nyuma binti alikuwa amepiga simu.

"Bibi, nimepata likizo! Nitalala kwako siku mbili, kisha naenda na wenzangu wa kazini kupumzika ufukweni, kule Mwamgongo. Nguo zangu zote ni za ofisini, nzito, zinabana. Nishonee nyepesi za wakati wa joto, za kuvaa tu na kutoka, lakini nionekane mtu. Nikutajie vipimo?"

"Vipimo vyako ninavyo," bibi alijibu kwa fahari.

Alichagua kitenge laini cha pamba, cha samawati yenye majani madogo meupe, kisichoonyesha jasho wala kudai pasi. Akashona suruali pana ya lastiki, blauzi ya mikono mifupi, na gauni refu la vifungo lenye mifuko miwili. Ubavuni aliacha akiba ya vidole vinne, kwa kuwa wanawake wa ukoo wao hunenepa wakishaanza kazi. Kwa kitambaa kilichobaki alijishonea gauni lake mwenyewe. Hilo hakumwambia mtu. Alitaka mara moja tu washuke ziwani wawili, wamevaa sare, watu waseme: kumbe yule bibi ana mtu.

Ikram alifika saa sita, jua limewaka, bodaboda imebeba begi lake kubwa.

"Shikamoo, mke mwenzangu!"

"Marahaba. Umekuja kunifukuza nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kukurithi kabisa!"

Walicheka, wakakumbatiana, na uso wa bibi ukaishia kifuani kwa mjukuu. Hapo hapo akaukumbuka uzi. Uzi ule aliufunga mafundo siku za matanga ya mumewe, Ikram akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hawakuonana.

Nguo zilipojaribiwa, suruali ilikuwa kama ya mtu anayevuka tope. Gauni la kufika kifundoni liliishia chini kidogo ya magoti, na ubavuni linapwaya.

"Nilikupanua," bibi alisema polepole, "nawe ukarefuka."

"Si ungeniacha nikutajie, Bibi?"

"Nilidhani nakujua."

Ikram aliinamisha macho. Baadaye alisema gauni linapendeza hivyo hivyo, atalivaa, na akalivaa kweli wakati wa kula ugali wa muhogo na samaki mgebuka. Bibi aliona wema huo. Aliona pia jinsi binti alivyokuwa akivuta pindo kila akikaa.

Alasiri Ikram alipitiwa na usingizi. Bibi akatoa gauni lake mwenyewe, akalikunjua mapajani, akalitazama kidogo. Kisha akaingiza mkasi kiunoni mwa gauni.

Sauti ya mkasi ndiyo iliyomwamsha Ikram.

"Bibi, unakata gauni la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani mfupi hivi? Na mbona kitenge ni kilekile?"

Bibi aliendelea kukata. "Lilikuwa langu. Nilitaka tuvae sare. Sasa sehemu hii ya chini itakuwa pindo lako, na miguu ya suruali."

Ikram akaketi chini, kwenye mkeka. Aliokota sehemu ya juu ya gauni, yenye mikono na kola, akaibana kifuani.

"Hii usiikate. Hii ni blauzi yako. Nionyeshe pa kupinda, nikushikie."

Wakashona hadi magharibi. Kesho yake walishuka ziwani, Ikram katika gauni lililofika kifundoni, bibi katika blauzi ya samawati na kanga nyeusi kiunoni. Jirani yao Bibiana, aliyekuwa akianika dagaa, aliita: "Zuleha! Nani huyo mrefu uliyefanana naye nguo?"

"Wangu," bibi alijibu. Alilirudia jibu hilo moyoni njia nzima.

Siku ya tatu alimsindikiza hadi Kibirizi, kwenye boti. Wenzake Ikram walishapanda, wanapunga mikono. Bibi akatoa uzi mpya mfukoni, akamzungushia bega, kisha kiuno. Kwa urefu alilazimika kuinama hadi mchangani. Alifunga mafundo taratibu, ingawa nahodha alikuwa anaita.

Hakuwahi kumwomba mtu arudi. Wageni, aliamini, huja wakipenda. Lakini nyumbani kulikuwa na kopo tu likimngoja.

"Uzi huu ni wa leo, Ikram," alisema, bado ameshika pindo lile waliloliongeza. "Sitaki kuutegemea miaka minane tena. Njoo. Hata bila kuhitaji nguo, njoo tena."