Kikapu cha Kwanza Katika Ukumbi wa Jijini

Chuoni kwetu Haddon, mtu haketi mpaka Wahunzi, timu yetu ya mpira wa kikapu, watie kikapu cha kwanza. Awe na magoti mabovu, awe na mimba ya miezi minane, awe hakimu wa wilaya, atasimama. Na sisi wa bendi, watu ishirini na wanne, hupiga wimbo mmoja bila kuukata mpaka mpira wa timu yetu upenye wavu. Hapo mimi, Greta Oswalt, huipiga ngoma kubwa mapigo matatu, na watu elfu tatu huketi kwa mkupuo mmoja, mabenchi ya mbao yakalia kama ghala linalobomoka. Hakuna anayetazama ubao wa matokeo. Ngoma ikisema keti, Haddon inaketi.

Sasa Kocha Brubaker alitaka kutuhamisha. Ukumbi wetu, alisema, ni wa mwaka 1938, unavuja theluji ikiyeyuka, na vijana warefu wa Indiana anaotaka kuwasajili wanaukimbia. Jijini Carrow, dakika ishirini na tano kwa gari, kulikuwa na ukumbi mpya wa viti elfu tisa. Kamati ya chuo ikakubali mechi moja ya majaribio, Jumamosi, dhidi ya mahasimu wetu Marlow. Jumatatu wangekaa waamue, na mimi ningesema kwa niaba ya wanafunzi.

Hotuba yangu ilikuwa tayari, kurasa nne, kila sentensi na meno yake. Wenye ule ukumbi walikuwa wameandika waziwazi kwamba kwao muziki hutoka kwenye mashine, bendi haihitajiki. Kwa mechi ya majaribio tu, kwa ombi la kocha, tungepewa viti. Wahunzi wakihama, bendi imekufa. Nami nilikuja Haddon kwa ajili ya ile ngoma kabla sijajua nitasoma nini.

Ijumaa asubuhi, kwenye foleni ya bwalo, nilikuwa namsomea ukurasa wa pili Lonnie, mpiga tarumbeta wetu, Bi. Verna Tuttle, mpishi wa bwalo, alipogonga sinia kwa mwiko.

"Greta! Mayai au hotuba? Watu wana njaa nyuma yako."

"Mayai, Bi. Verna. Na wewe kesho usiende Carrow. Tukiwaachia viti vitupu, wataona aibu."

"Nisiende?" Akacheka mpaka kofia yake ya jikoni ikainama. "Mwanangu, nimenunua tiketi tano. Mimi, binti yangu na wajukuu watatu."

"Hata wewe, Bi. Verna! Msaliti!"

"Msaliti wa nini? Miaka kumi na tisa nawalisha hao majitu. Yule Colby wenu anakula soseji saba, mimi ndiye ninayezikaanga. Unajua nimeona mechi ngapi?"

"Ngapi?"

"Sifuri. Viti vya ule ukumbi wenu vinarithiwa kama mashamba. Kwenu mna vingapi?"

Nikatazama viazi. "Viwili."

"Vya nani?"

"Vya babu."

"Basi kula mayai yako, mjukuu wa babu, yanapoa."

Lonnie alicheka akapaliwa na maziwa. Nilimkanyaga mguu.

Jumamosi tulifika Carrow tukiwa na nyuso za msibani. Ukumbi ulinukia zulia jipya. Bendi tuliwekwa juu kabisa, pembeni, mahali ambapo wachezaji walionekana kama njugu. Kijana wa usalama akatuonya tusisimame, tutawaziba walio nyuma.

"Nyuma yetu kuna ukuta, kaka," Lonnie akamwambia.

"Sheria ni sheria."

"Haya, mwambie ukuta ukishindwa kuona uje unilalamikie."

Mechi ikaanza. Tukasimama, tukapiga. Chini watu wetu wote walisimama, na wageni wa Carrow ambao hawakuijua desturi wakatazamana, wakasimama nao. Watu elfu tisa wima. Sikutaka kulipenda hilo. Nilikaza macho kwenye wavu.

Na Wahunzi wakakosa. Colby akakosa, akakosa tena. Mpira uligonga chuma, ukagonga ubao, mara moja ukamgonga refa. Bahati yetu, Marlow nao walikosa vilevile. Dakika mbili zikapita, tatu, nne. Midomo ya wapiga tarumbeta ilikuwa imevimba. Mkono wangu ulikuwa unaungua. Lakini wimbo haukatwi.

Ndipo mpira ukapenya. Wavu wa kulia, safi, bila kugusa chuma. Puu! Puu! Puu! Nikapiga mapigo matatu kwa furaha yote niliyokuwa nayo, na Haddon nzima ikaketi kwa mkupuo mmoja, na Carrow nzima ikaketi nyuma yao.



Halafu upande wa Marlow ukalipuka kwa vicheko. Wapo walioanguka chini.

Miaka mitatu, katika ukumbi wetu, Wahunzi wameshambulia wavu wa kulia kwangu kila kipindi cha kwanza. Mkono uliozoea hauulizi. Hapa tulikuwa tumewekwa upande wa pili wa uwanja, na kulia kwangu kulikuwa na kikapu walichokuwa wakikishambulia Marlow. Sikutazama jezi. Nilitazama wavu. Nami nilikuwa nimewaketisha watu elfu tisa kumshangilia adui.

"Greta," Lonnie alisema taratibu, "umetuuza."

Uso ulinichoma. Papo hapo wazo likanijia, na silifichi: hii itaingia kwenye hotuba. Ushahidi wa kutosha kwamba pale si kwetu, hata ngoma imepotea njia.

Kisha, chini kabisa, mtu mmoja akasimama kwenye bahari ya watu walioketi. Mfupi, mpana, sweta jekundu la Wahunzi likiwa bado na alama za mikunjo ya dukani. Sauti ya kuita foleni ya bwalo haihitaji kipaza sauti.

"Inukeni! Hicho si chetu! Nani kawaambia mkae?"

Wajukuu wake watatu wakarukia juu ya viti. "Inukeni! Inukeni!"

Kicheko kikaanzia kwake, kikapanda safu kwa safu mpaka kikatufikia sisi na ukuta wetu. Watu wakainuka wakicheka, wakipigana mabega. Mzee mmoja akanigeukia akanitingishia kidole, huku anafuta machozi. Hata Kocha Brubaker, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alikuwa ameshika kiuno anatikisika. Na Colby, pale uwanjani, alikuwa anacheka waziwazi, mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Piga, msaliti," Lonnie akasema, akainua tarumbeta.

Nikapiga. Watu elfu tisa wakapiga makofi kwa mdundo wangu. Mpira ukamfikia Colby, akaruka, akatupa, na wavu wa kushoto ukatikisika. Safari hii nilitazama jezi. Nikatazama mara mbili. Kisha nikapiga mapigo matatu.

Sauti ya watu wale walipoketi niliisikia kwenye meno. Ukumbi wetu wa mbao haujawahi kunipa sauti ile. Nilijiambia siikubali, na nywele za mikono zilikuwa zimenisimama.

Tulishinda kwa pointi mbili. Nilipomtafuta Bi. Verna mlangoni, alikuwa hana sauti tena, alinong'ona tu: "Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnafanya mle ndani miaka yote!"

Hakusema kwa uchungu. Laiti angesema kwa uchungu, ningeweza kubishana naye.

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati na kurasa zangu nne, nikaziacha zimekunjwa. Niliwaambia nilikuja kuupinga ukumbi wa Carrow. Niliwaambia kuhusu mwanamke aliyewalisha wachezaji miaka kumi na tisa bila kuwaona wakicheza, na kuhusu viti viwili vya babu yangu.

"Tuhame," nikasema, na nyuma yangu Lonnie akaguna kama ng'ombe. "Lakini bendi ije nasi. Na tusikae juu tena. Tukae chini, nyuma ya kikapu. Tumeshaona nikikaa mbali nini kinatokea."

Mwenyekiti akamgeukia kocha. "Brubaker, utaweza kuwashawishi wenye ukumbi?"

"Bila ile ngoma siendi hata mimi," kocha akasema. Kisha akanitazama, na yale meno yakaonekana tena. "Ila kikapu cha upande gani, binti? Tukubaliane mapema."

Kamati ilicheka kabla ya kupiga kura. Kura saba kwa mbili, na sharti la bendi likaandikwa kwenye uamuzi.

Kesho yake asubuhi nilichukua sinia langu kwa Bi. Verna. Sauti ilikuwa imemrudia nusu. Alinirundikia soseji saba, za Colby kabisa. Nilipovuta kiti, mwiko ukagonga meza.

"Wima! Hapa kwangu mtu haketi mpaka kijiko cha kwanza."

Bwalo zima likageuka. Nikachota mayai nikiwa nimesimama, nikameza, nikagonga meza mara tatu. Kisha nikaketi.