Skrubu Iliyobaki

Mzee Breki alikuwa na skrubu moja kwenye mfuko wa shati, na skrubu hiyo ndiyo iliyomtoa jasho, wala si ngazi.

Ngazi zenyewe zilikuwa za ghorofa nne. Lifti ya jengo ilishakufa, na hilo lilimuuma, maana miaka thelathini na mitano alikuwa fundi wa lifti. Mwezi uliopita alianguka kwenye ngazi hizo, akalala hapo mpaka jirani alipomkuta. Binti yake hakumumunya maneno.

"Baba, ama uvae hiyo miguu ya umeme juu ya miguu yako upande mpaka juu mbele ya mtaalamu, ama Jumamosi unahamia kwangu na funguo za hapa tunamrudishia mwenye nyumba."

Kwa binti ni kuzuri, lakini ni kwa mkwe! Mtu mzima aombe ruhusa ya kuwasha redio? Thubutu!

Basi akakubali shingo upande. Ila fundi ni fundi. Jana mchana, alipobaki peke yake na ile mashine, alilifungua goti lake la kulia. Kitu kitakachonibeba, alijiambia, lazima niyajue matumbo yake. Akaona mota, nyaya, na breki ndogo nzuri ajabu. Akafunga. Skrubu moja ikabaki. Akaitafutia pa kuingia, wapi!

Sasa alikuwa ameivaa, na mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole, alikuwa mbele yake vidato viwili. Binti alikuwa nyuma.

"Panda tu, mzee wangu. Itakufuata."

Akapanda. Lo! Mguu ulinyanyuka kabla hajaulazimisha. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Aliona raha mpaka akajionea aibu, maana mashine hiyo alikuwa ameitukana wiki nzima. Akielekea ya tatu, goti la kulia lilitoa mlio mkavu, likakakamaa. Mguu mmoja juu, mmoja chini, na mkono uliokamata chuma cha ngazi ukaanza kuteleza.

"Naanguka! Jamani, naanguka!"

"Tulia, mzee. Nabonyeza kifungo cha kulilegeza," mtaalamu akasema, akainama.

Mzee Breki akagutuka. Goti lenye skrubu pungufu likilegezwa ghafla litamwachia mzima mzima, na aliye nyuma yake ni mwanawe. Akisema ukweli, nyumba imekwenda. Akinyamaza, atamwangukia mtoto.

"Usiguse!" alipiga kelele. "Nililifungua mimi jana. Skrubu yake ninayo mfukoni."

"Baba!" Binti alikuwa amekasirika. Mzee akasubiri aitaje Jumamosi. Badala yake alihisi bega la binti likimhimili mgongoni.

"Nilipokwama kwenye lifti nina miaka sita," binti akasema, "uliniambia nini nje ya mlango?"

Alikumbuka. Alikuwa amepiga magoti, mdomo kwenye ufa wa mlango, mtoto analia ndani. "Kwamba breki ikikamata, imekushika. Haijakuacha."

"Basi imekushika. Vuta pumzi."

Akavuta. Wakamkalisha kidatoni polepole. Mtaalamu akamulika goti kwa simu, na mzee, akichomoa mfukoni bisibisi yake ya kazini, akapaona palipomshinda jana: chini ya springi ya breki. Akakaza. Mtaalamu akalijaribu goti mara tatu. Kisha akauliza, "Utalifungua tena?"

"Nikisema hapana nitakuwa nimekudanganya."

Mama wa watu akacheka bila kutaka. "Haya, panda."

Akapanda zilizobaki, taratibu, hamtazami mtu. Mlangoni kwake alitoa funguo na bisibisi pamoja, akamnyooshea binti vyote. Alishajua kosa lake.

Binti akazisukuma funguo kwa baba yake.

"Funguo kaa nazo," akasema. "Lete bisibisi."

Mzee Breki alisita hapo kuliko alivyosita kwenye ghorofa zote nne. Kisha akampa.