Mbuzi wa Matanga

Walikuwa wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, na chama chao hakikuwa na jina ambalo mtu angethubutu kulitamka mbele ya mwalimu. Pale chuo cha ualimu, Tororo, wengine walikiita Klabu ya Karanga. Miaka ile ya wanajeshi, vijana wanne wakikaa kivulini waliulizwa wanapanga nini, lakini wakiinama na majembe hakuna aliyewajali. Basi wakaomba kishamba nyuma ya jiko, wakalima. Karanga zile zilipaliliwa mpaka zikachoka. Hakuna aliyetaka kutoka shambani, maana ni huko tu Nasuru alikoweza kumwita Othieno mpenzi wake, na Aidah kumtazama Akumu bila kwanza kugeuka nyuma.

Aidah alikuwa binti wa mwenye lori wa Busia, mtoto wa mjini mwenye mdomo mwepesi, na kama wengi wenye mdomo mwepesi alidhani ana akili kuliko wenzake. Alikuwa na mpango. Wakimaliza mtihani, yeye na Akumu wangevuka mpaka, wafundishe upande wa Kenya, wapange chumba kimoja. Mjomba wake, Swaliki, alikwisha kuwatafutia shule. Akumu alikubali, tena akicheka. Aidah aliishi kwa ahadi hiyo kuliko kwa chakula.

Muhula wa mwisho matroni akaanza kuchunguza: msichana mzuri kama Akumu, mbona hana mchumba, mbona kutwa yuko na yule binti wa Kiislamu? Siku hizo swali la namna hiyo liliweza kufika kambini kwa wanajeshi. Mara babu yake Akumu akafariki kule Nabuyoga, na Aidah akaona njia. Alisema Othieno aende na Akumu matangani, yeye awasindikize, watu wamwone Akumu na mwanamume, midomo ifungwe. Na kwa kuwa mfiwa haendewi mikono mitupu, alimwomba baba yake mbuzi, akampakia kwenye lori. Nasuru hakwenda. Alisema moyo wake hautaki, na Aidah akamtania kwa wivu wake.

Walipofika, Aidah alimkabidhi Othieno kamba ya mbuzi, mwanamume aonekane mwanamume. Vilio vikapungua. Wanawake wakatazamana, kisha shangazi mmoja akaipokea kamba na kumwongoza Othieno hadi kibanda cha pembeni, walikokaa waume wa mabinti wa nyumba ile. Aidah, ambaye Dhopadhola yake, lugha ya kwao Akumu, ilikuwa ya sokoni tu, alidhani ni heshima ya wageni. Alijipongeza moyoni.

Hakujua kwamba kwao Akumu, kijana akiingia matangani na mbuzi nyuma ya binti, amekwisha kuposa, na kukana baada ya hapo ni kumtukana marehemu. Alikuja kujua siku wazee wa Sop Sop, kwao Othieno, walipokwenda Nabuyoga kuzungumza mahari. Alimfuata Akumu alikokuwa akifua, nyuma ya bweni.

"Wakatalie," alimwambia. "Ile mbuzi mimi ndiyo nilileta. Sema hukujua."

"Nilijua," Akumu akajibu. "Othieno pia alijua. Tuliona wewe unampa kamba, tukanyamaza."

Aidah akamuuliza kwa nini.

"Nimechoka kuogopa, Aidah. Yeye pia amechoka. Tutakaa kama ndugu, na hakuna mtu ataniuliza kitu. Wewe nenda kwa Swaliki. Mimi sina nguvu hiyo."

Akaendelea kufua. Aidah akageuka, akaondoka. Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa hakuweza hata kumchukia. Nasuru, aliposikia posa ya Othieno, alivuka mpaka pale Busia bila kuaga mtu.

Siku ya harusi ikafika. Rafiki wa bibi harusi ndiye humfikisha kwa mume, na Akumu hakuwa na rafiki mwingine. Aidah alimbebea sanduku hadi Sop Sop, akaimba walipoimba, akapiga vigelegele walipopiga. Wakwe walimpokea Akumu, wakamwingiza ndani, na mlango ukajaa watu.

Mama yake Othieno akatoka kumtafuta Aidah uani, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Othieno alituambia habari ya ile mbuzi. Bila wewe, sisi hatungepata huyu mtoto."

Akamfungia mayai ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, ya kula njiani, kwa sababu alikuwa anarudi peke yake. Aidah akayapokea kwa adabu, akapiga goti, akashukuru.