Punje Nyeusi ya Rashidi

Loji ya kikosi cha Waayalandi, tawi la chama cha siri cha Wamasoni, haikuwa na nyumba. Iliishi ndani ya sanduku: hati kutoka Dublin, nyundo, bikari na aproni saba. Popote jeshi la Uingereza lilipopiga kambi, Wamasoni wake walikuwa nyumbani. Mwaka ule wa 1801 ilifunguliwa hemani, nje ya mji wa Rashidi, Misri, na mkuu wake alikuwa Sajini Andrew Mulgrew.

Ugonjwa wa macho ulikuwa umewafyeka askari wengi kuliko risasi. Thady Corrigan, rafiki wa Mulgrew tangu utoto, alikuwa kipofu kabisa, na kesho yake meli ingewarudisha vipofu kwao. Akipata cheti cha loji, katika kila bandari angekuta ndugu wa kumshika mkono na kumlisha hadi kwao Fermanagh, Ayalandi. Bila cheti angekuwa ombaomba. Kanuni ilitaka mtu mwenye viungo kamili, lakini ndugu wote saba walikuwa wamekubaliana kwamba siku alipoomba kuingia, macho alikuwa nayo.

"Siri zenu ziko salama kwangu," Thady aliwatania walipomtoa nje. "Hata mkinionyesha sitaziona."

Wakapiga kura. Kila mmoja alichukua punje ya kunde bakulini, nyeupe ya kukubali au nyeusi ya kukataa, akaitumbukiza kisandukuni. Nyeusi moja ilitosha kumfungia mtu mlango. Mulgrew alikuwa wa mwisho. Koplo Hamill akafungua kisanduku, akakiinamia kwa muda mrefu.

"Nyeusi iko moja," akasema.

Desturi ilikataza kuuliza ni ya nani, na kura haikurudiwa mpaka mwezi upite. Hamill alinung'unika tu kwamba mwenye roho hiyo asithubutu kumpa Thady mkono wa kwaheri.

Wiki ya pili sasa ukungu ulikuwa umetanda machoni mwa Mulgrew. Kila asubuhi alibandua kope kwa mate na kusingizia mchanga. Pale bakulini punje zote zilikuwa kijivu, akachukua aliyodhani inang'aa. Akinyamaza, angebaki sajini na mkuu wa loji. Akisema, angeandikwa miongoni mwa vipofu. Alimwomba Mungu ampe neno jingine la kusema, lakini halikuja.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?" Hamill akafoka. "Uliyekula mkate wa mama yake Thady?"

"Shika punje mbili, Hamill. Uniulize rangi."

Hamill akaleta mbili nyeusi karibu na pua ya Mulgrew. Mulgrew akasema zote ni nyeupe. Hakuna aliyecheka.

Walisikitika, lakini kura haikurudiwa. Mulgrew akavua nishani ya ukuu shingoni, akampa Hamill. Alisema cheti chake mwenyewe anacho, na Mungu akipenda kitalisha wawili.

Asubuhi, gatini, Thady alihisi mkono anaoujua.

"Umekuja kuniaga, Andrew?"

"Nyanyua mguu. Hapa pana ubao."

Alikuwa ameupapasa kwanza kwa kiatu chake. Kisha akamweleza punje ile ilikuwa ya nani, na kwamba naye anapanda meli pamoja na vipofu. Thady hakuuachia mkono.

Nyuma yao kikosi kilikuwa kinahama. Mulgrew alisikia pete za chuma za lile sanduku la loji zikigongana juu ya mgongo wa ngamia. Alisimama akizisikiliza hadi zilipopotea.