Jiko Lisilo na Moshi la Mama Nadine

Maneno yale yalishuka na magari ya maharage kutoka Kumsenga, na hayakuwa na mwenyewe. Ati kuna mwanamke mchoma mishikaki aliyezoea kumlaza mwanawe kando ya jiko la mkaa, na siku moja mtoto akalala asiamke. Moshi ulikuwa umemkaa kifuani. Mtoto wa nani? Hakuna ajuaye. Nyumba ipi? Hakuna. Lakini Immakulata aliyasikia mara moja tu pale sokoni Kibondo, na tangu siku hiyo yakamganda kama kupe.

Yalimganda kwa sababu na yeye alikuwa mchoma mishikaki, na Nadine wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa na pumu. Kila upepo ulipogeuza moshi wa mkaa upande wa nyumba, kifua cha mtoto kilianza kuimba. Baba yake alishinda Nyabibuye kwenye biashara ya maharage, na bibi yake, mama Esteri, hakuona tatizo.

"Sisi sote tumelelewa na moshi," alisema bibi. "Nyumba isiyo na moshi ni nyumba ya njaa."

"Ego, mama," Immakulata aliitikia, maana mkwe habishiwi. Asubuhi yake akapanda gari la Kasulu.

Mjini Kasulu kulikuwa na duka la Shamsi, mtu mcheshi mwenye ndugu Tanga, aliyeuza kila kitu kilichotoka mbali. Alikuwa na majiko mawili ya kuchomea nyama, yote ya kutumia vidonge vya maranda: vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vipande vidogo, ukiviona utadhani ni chakula cha kuku.

"Hayatoi moshi kweli?" Immakulata aliuliza.

"Ukitaka moshi, mama yangu, jirani hapo wanauza ubani."

Jiko dogo lilikuwa kama ndoo. Unamimina kopo la vidonge kwa mkono, feni yake inazungushwa na betri za tochi. Jiko kubwa lilikuwa na sanduku ubavuni, na ndani yake skrubu ndefu kama ile ya mashine ya kusagia nyama. Skrubu hiyo ilisukuma vidonge yenyewe, kidogo kidogo, hadi kwenye kikombe cha moto. Lakini skrubu na feni vyote vilitaka umeme wa ukutani.

"Na umeme wa Kibondo ukikatika?"

"Unapumzika. Kwani wewe huchoki?"

Immakulata akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Alichukua lile kubwa. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha asiyoijua, yenye michoro: nyumba iliyokatwa mstari, tone la maji lililokatwa mstari. Alipouliza, Shamsi alisema hayo ni mambo ya mafundi. Yeye mwenyewe aliitazama ile nyumba, akafikiri maana yake ni kwamba jiko hili haliunguzi nyumba.

Juma la kwanza lilikuwa sherehe. Nyama ilikauka vizuri, na kifua cha Nadine kilinyamaza. Wateja tu ndio walionuna.

"Mama Nadine, hii umeichoma au umeichemsha?" aliuliza Leonidasi, fundi viatu, akiinusa nyama yake. "Mbona haina harufu ya moto?"

"Kula, Leonidasi. Harufu utapewa siku nyingine."

Juma la pili mvua za mwezi wa tatu zikachachamaa, zikipiga kibaraza alichochomea nyama kutoka ubavuni. Immakulata akawaza: jiko halina moshi, kwa nini liloe nje? Akaliingiza jikoni. Nadine akahamishia mkeka wake papo hapo, kwenye joto.

Siku hiyo kazi ilipokwisha, mama Esteri aliona vidonge vingine bado vinawaka kwenye kikombe. Akafanya alichofanya maisha yake yote, na kinachofanywa na kila mwanamke anayejua bei ya mkaa: akachota maji, akavimwagia vizimike, vikaushwe vitumike tena. Ila mkaa ukiloa hubaki mkaa. Kidonge cha maranda kikiloa huvimba na kugeuka uji. Maji yaliingia mpaka kwenye bomba la skrubu, na uji ule ukalala humo.

Kesho yake Immakulata aliwasha vidonge vichache kwenye kikombe, akachomeka umeme. Feni ikavuma. Skrubu ikaguna mara mbili, ikanyamaza.

"Mawe, mama yangu! Na wewe leo umeanza?" alilifokea jiko. Alilipiga kofi, akachomoa waya, akachomeka tena. Nje Leonidasi na wenzake wawili walikuwa wakingoja chini ya bati.

"Mama Nadine, tunazeeka huku!"

"Zeekeni kimya!"

Akafanya kama angefanya kwa mkaa unaosinzia: akaongeza. Kopo la kwanza moja kwa moja kwenye kikombe cha moto, kisha la pili, kisha la tatu. Moto ukaruka vizuri, nyama ikaiva. Akamwacha Nadine amelala, akatoka na sahani, akaufunga mlango nyuma yake mvua isiingie.

Umeme ukakatika, naye hakujua. Feni iliposimama, rundo lile la vidonge halikuwa na hewa ya kuwaka wala halikuzimika. Likafuka. Immakulata alikuwa akibishana na Leonidasi juu ya pilipili alipoona kitu cha njano, kizito, kinatambaa chini ya mlango.

Hakumbuki alivyoufungua. Alipapasa sakafu mpaka akaushika mguu wa mtoto, akamvuta nje mvuani. Midomo ya Nadine ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na pumzi yake ilitoka kama mluzi wa birika.

"Pikipiki!" alipiga kelele Leonidasi, sahani yake ikiwa tayari imeanguka topeni.

Hospitalini walimwekea mtoto hewa na dawa ya kuvuta. Muuguzi aliuliza, "Mlikuwa mnachoma nini ndani ya nyumba?"

"Jiko lisilo na moshi," alijibu Immakulata.

Siku ya tatu Nadine aliomba ndizi. Hapo ndipo mama yake alipopata nguvu ya kukasirika. Alimkasirikia Shamsi, kisha mkwewe, kisha umeme, na mwisho akabaki na mkono wake mwenyewe ulioshika lile kopo.

"Mimi nilizima kama ninavyozima siku zote," alisema mama Esteri kwa sauti ndogo.

"Najua, mama. Na mimi niliongeza kama ninavyoongeza siku zote."

Fidele, fundi wa kuchomelea vyuma, alilifungua jiko na kukuta uji umekauka kwenye skrubu, mgumu kama saruji. Alikwangua siku nzima. Sasa linafanya kazi, lakini uani, chini ya bati la peke yake, na Nadine hushinda kwa jirani mpaka moto uzimike, uwe wa mkaa au wa vidonge.

Wachoma nyama wawili wameshaulizia linapouzwa. Immakulata hakuwakataza. Aliwaandikia haya, kwa herufi kubwa:

Usinunue jiko la umeme kama umeme wenu unakatika. Chukua lile dogo la betri.

Usinunue kabla muuzaji hajaliwasha na kulizima mbele yako.

Usikubali karatasi usiyoielewa. Tafuta wa kukusomea.

Usiliingize ndani, hata mvua ya mawe ikinyesha.

Usizime vidonge kwa maji. Viache viishe vyenyewe.

Usitumie vidonge vilivyoloa, hata vikikauka.

Usiongeze kwa mkono kwenye jiko linalojilisha lenyewe.

Usiliache likiwaka ukaenda kubishana na wateja.

Usimlaze mtoto karibu na moto wowote. Wowote.